Kuhamia nyumba mpya uliyojenga mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu aliyejenga nyumba ya kuishi Dar es Salaam au mji mwingine wa Tanzania. Ameshapaua, ameshapiga plasta, marumaru zimelala, rangi imepakwa, na sasa anahesabu siku. Hapo ndipo watu wengi huchoka. Pesa imeisha, mafundi wameanza kuhamia saiti nyingine, na kila kitu kinaonekana kimekamilika. Lakini nyumba ambayo haijawahi kupitishiwa maji, umeme na mvua bado hujaijua, hata kama inang'aa. Kuijaribu ni rahisi sana ikiwa tupu na fundi bado anakudai.

Nitajuaje kwamba nyumba imefika hatua ya kuhamiwa?

Usiangalie rangi. Angalia mambo manne: umeme uliokaguliwa na wenye ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) inayofanya kazi, maji yanayoingia na kutoka bila kuvuja, choo kinachomwaga kwenye karo lililokamilika na kufunikwa, na milango ya nje inayofungwa kwa funguo ulizo nazo wewe tu. Hayo yakiwepo, mengine yanavumilika. Watu wanaishi bila dari ya jipsamu, bila makabati ya jikoni, bila ukuta wa fensi, na maisha yanaendelea. Moja kati ya hayo manne likikosekana, ni afadhali ubaki ulipo hata kama sebule imekamilika kwa taa za urembo.

Kodi ya nyumba ninayopanga inaisha na nyumba yangu haijaisha. Nihamie hivyo hivyo?

Hili ndilo swali la kweli kuliko yote, kwa sababu kodi zetu hulipwa kwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Mtu akifikiria kutoa tena mamilioni kwa mwenye nyumba huku yake imesimama, usingizi unampaa. Jaribu kwanza kuzungumza na mwenye nyumba wako, akuongezee mwezi mmoja mmoja kwa kulipa juu kidogo. Wengi hukubali wakijua unaondoka kwa heri na hujawahi kuwasumbua.

Ikishindikana, hamia kwa mpangilio. Maliza kabisa vyumba viwili, choo kimoja na jiko, kisha vilivyobaki vifunge. Kazi zenye vumbi na harufu, yaani kukata marumaru, kupiga msasa ukuta wenye skimu (tabaka laini linalopakwa juu ya plasta) na kupaka rangi ya mafuta, zimalizike kabla watoto hawajalala humo hata usiku mmoja. Kazi za nje zinaweza kusubiri. Kitu nisichokubaliana nacho ni kuhamia huku waya za umeme zikining'inia kwenye maboksi kwa ahadi kwamba "fundi atakuja Jumamosi". Jumamosi za mafundi zina tabia yake.

Na ujue jambo moja la kibinadamu: ukishahamia, kasi ya kumalizia inashuka. Ada za shule zinapata nafasi yake, na ile korido isiyo na marumaru unaizoea. Kwa hiyo kabla ya kuhama nunua angalau vifaa vya kazi iliyobaki, uviweke stoo. Vifaa vikiwa ndani, ufundi utapatikana.

Ukaguzi wa mwisho unafanywaje, na nani aufanye?

Ufanye mara mbili: mchana, nuru ikiwa kali, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Mchana utaona ukuta uliopinda, rangi isiyolingana, marumaru zilizopishana kimo. Usiku utaona kivuli cha kila nundu kwenye skimu, na utajua kama swichi ya chumbani imewekwa nyuma ya mlango ambapo mkono haufiki.

Nenda na daftari, utepe wa karatasi wa rangi wenye gundi, na sarafu. Anza chumba cha kwanza, zunguka kwa mkono wa kulia, sakafu, ukuta, dari, madirisha, mlango, kisha chumba kinachofuata. Penye kasoro bandika utepe na andika namba, halafu namba hiyo iandike kwenye daftari pamoja na kasoro yenyewe na jina la fundi anayehusika. Sarafu ni ya kugonga marumaru. Iliyoshika vizuri inatoa sauti nzito. Iliyo na uwazi chini inalia kama debe tupu, na hiyo itapasuka siku utakapoburuta friji juu yake. Moja moja pembeni si janga, ila zikilia mfululizo katikati ya sebule, zing'olewe sasa.

Fungua na ufunge kila dirisha la aluminiamu. Hakikisha linateleza, kufuli lake linashika, wavu wa mbu haujaacha nafasi kwenye kona, na mpira wa kioo upo mzunguko wote. Angalia pia vitundu vidogo vya kutolea maji chini ya fremu. Mafundi wakipaka silikoni kwa bidii huviziba, na mvua ya upepo ikija maji yanajaa kwenye reli na kumwagikia ndani.

Nani aende? Wewe, fundi mkuu, na mtu wa tatu asiyekuwepo kwenye ujenzi. Kama una uwezo, mlipe mhandisi au fundi sanifu majengo kwa siku moja. Kama huna, mchukue ndugu yako yule mwenye maneno mengi anayekosoa kila kitu. Leo ndiyo siku yake.

Umeme ufanyiwe nini kabla ya kuhamia?

Maombi ya kuunganishwa TANESCO siku hizi hufanyika kwa mfumo wa NIKONEKT, na utahitaji namba yako ya NIDA pamoja na uthibitisho wa kazi ya kutandaza nyaya kutoka kwa mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Usisubiri rangi ikauke ndipo uombe. Nyumba ikiwa mbali na nguzo, upimaji na nguzo vinaweza kuchukua muda, na hapo ndipo watu huanza kuvuta waya kwa jirani. Waya huo wa jirani uliotumika kwenye ujenzi, unaopita juu ya ukuta na kuungwa kwa selotepu, ukatwe siku mita yako inapowashwa. Usiachwe kama akiba.

Ndani ya nyumba mwambie fundi afanye yafuatayo mbele yako. Apime ethi kwa kifaa, siyo kukuonyesha waya wa kijani na kusema "ethi ipo". Msumari wa ethi uliochomekwa kwenye mchanga mkavu unaweza kuwepo na usifanye kazi. Apime kila soketi kama njia ya moto (waya unaoleta umeme), nyutro (waya wa kuurudisha) na ethi ziko mahali pake. Kisha abonyeze kitufe cha majaribio kwenye swichi ya usalama, ile inayokata umeme ukivuja, ambayo mafundi huiita RCD. Umeme lazima ukatike papo hapo. Kwa nyumba ya kuishi iwe ya miliampea 30, kwa sababu ndiyo iliyowekewa kumwokoa mtu, na kubwa zaidi ya hapo kazi yake ni nyingine. Kama haipo kabisa kwenye boksi lako la breka, hiyo ni pesa ya kutoa kabla ya pazia lolote.

Halafu kila breka iandikwe inahudumia nini. Ni kazi ndogo sana, lakini siku shawa ya umeme itakapoungua saa tatu usiku utajua cha kuzima bila kuzima nyumba nzima. Jiko la umeme, shawa ya umeme na kiyoyozi kila kimoja kiwe na njia yake ya waya wa unene unaostahili. Visiungwe kwenye soketi za kawaida za ampea 13.

Ukiona taa ya LED inawaka kwa mbali usiku hata ukiwa umeizima, mara nyingi maana yake swichi imewekwa kwenye nyutro badala ya kwenye njia ya moto. Fundi atakwambia "hizo taa za Kichina ndivyo zilivyo". Mwambie afungue swichi uone.

Nimenunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu kumi na nimepata uniti chache kuliko nilizozoea. Mita mpya ni mbovu?

Huenda si mita. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na tangu mwaka wa fedha wa 2023/24 makato ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu kwa nyumba ya ghorofa mijini. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, takriban shilingi 356 kwa uniti na kodi zake ndani, elfu kumi inatoa uniti 28 hivi. Mwezi wa makato inabaki kama 24. Usiponunua kwa miezi kadhaa, makato yanalimbikizana na kukusubiri. Kama kiwanja kina mita mbili kwa jengo moja na zote zinakatwa, nenda ofisi ya TRA ukaeleze.

Maji nayajaribu vipi?

Jioni moja jaza tenki mpaka juu, funga bomba zote za ndani, weka alama ya kimo cha maji, kisha ondoka. Asubuhi kimo kikiwa kimeshuka, kuna mahali panavuja, na kama hupaoni basi pamo ndani ya ukuta au chini ya marumaru. Aliyeunganishwa moja kwa moja na mamlaka ya maji, iwe DAWASA kwa Dar es Salaam na Pwani, DUWASA kwa Dodoma au AUWSA kwa Arusha, ana njia rahisi zaidi. Funga bomba zote na utazame kile kigurudumu kidogo kwenye mita. Kikiendelea kuzunguka, usihamie.

Baada ya hapo fungua bomba zote pamoja, na vyoo vifulishwe kwa wakati mmoja. Ondoa vile vichujio vidogo vya mdomo wa bomba kwanza, maana maji ya mwanzo huja na mchanga, vipande vya plastiki na nyuzi za kufungia viungio. Tenki jipya nalo lisafishwe na kuwekewa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji hayo yapitishwe kwenye bomba zote, yamwagwe, ndipo ujaze ya kutumia.

Malalamiko makubwa kuliko yote ni shawa dhaifu, na kosa huwa lilishafanyika siku ya kujenga mnara wa tenki. Mita 10 za kimo cha maji ndizo zinazotoa baa moja ya msukumo. Mnara wako ukiwa wa mita tatu na kichwa cha shawa kiko mita mbili kutoka chini, umebakiwa na mita moja na ushee ya kusukuma maji, yaani karibu baa 0.1. Bomba la sinki litatiririka. Shawa ya umeme haitawaka kabisa kwa sababu inahitaji msukumo ili swichi yake ya ndani ijibane. Ama unaongeza pampu ndogo ya kusukuma, ama unainua mnara. Ukichagua mnara, kumbuka lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, na tenki la lita 5,000 ni tani tano juu ya vichwa vya watoto. Mnara wa vyuma vilivyobaki kwenye ujenzi si mahali pake.

Kama unatumia kisima kirefu, peleka maji yakapimwe. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na chumvi hiyo itakula hita na vichwa vya shawa kabla ya mwaka kwisha.

Bafu na karo je?

Bafu la ghorofani au lililopakana na chumba lijaribiwe kwa kuzamishwa. Ziba tundu la maji kwa kitambaa kilichofungwa kwenye nailoni, jaza maji kimo cha vidole viwili, yaache siku nzima. Kesho yake kagua dari ya chini na ukuta wa upande wa pili. Unyevunyevu ukionekana, kinga ya maji chini ya marumaru haikuwekwa au imetoboka, na hakuna silikoni ya kupaka juu itakayoponya hilo.

Ukizibua, tazama maji yanakwenda wapi. Yakisimama kwenye kona, mteremko umekosewa.

Nje, fungua kila chemba, yaani shimo la kukagulia bomba la majitaka. Mwaga ndoo chooni, mtu mwingine asimame kwenye chemba aangalie maji yakipita bila kutuama. Mafundi huacha matofali, mifuko ya saruji na hata ubao ndani ya chemba, na vitu hivyo hukaa kimya mpaka wiki ya pili ya wageni wako. Bomba la kutolea hewa la karo lipande juu ya paa, lisiishie chini ya dirisha la chumba cha wazazi. Kwenye viwanja vya bondeni ambako maji ya ardhini yako juu, shimo la kunyonya hujaa masika hata kama hujalitumia, kwa hiyo ulizia majirani wao huita gari la kunyonya majitaka mara ngapi kwa mwaka.

Harufu kwenye nyumba iliyokaa tupu mara nyingi ni kitu kidogo tu: maji ya kwenye kona za bomba chini ya sinki na sakafuni, yanayozuia harufu isipande, yamekauka. Mwaga maji kila tundu, subiri siku moja, kisha ndipo umlaumu fundi.

Rangi imepakwa wiki hii. Nisubiri muda gani?

Rangi ya maji ukutani, siku chache zenye madirisha wazi zinatosha. Rangi ya mafuta na vanishi za milango, ipe wiki mbili, na zaidi kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mtu mwenye pumu. Tatizo kubwa liko chini ya rangi. Plasta mpya inahitaji kama wiki nne kukauka kabla ya kupakwa. Ikipakwa mbichi, unyevu na chokaa ya saruji hutafuta njia ya kutoka, na matokeo yake ni malengelenge, madoa meupe ya chumvi, na rangi inayobabuka kwa mapande. Kama haraka yako ilikwisha kufanya hivyo, usipake tena juu yake. Acha ukuta ubabuke uishe, ukwangue, ukauke, ndipo urudie.

Kabati kubwa usiliegemeze ukutani miezi ya mwanzo. Liache nafasi ya kiganja ili hewa ipite, la sivyo ukungu utaota nyuma yake na kuhamia kwenye nguo.

Milango imeanza kukwama. Fundi seremala airande?

Inategemea ni mwezi gani. Mbao za mninga au mkongo zisizokaushwa sawasawa huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Mlango unaokwama Aprili ukiranda milimita nne, Agosti utaona mwanga wa korido ukipita pembeni. Kwanza kagua bawaba kama zimelegea. Kama ni unyevu, paka vanishi kingo za juu na chini, ambazo mafundi huziruka kwa sababu hazionekani, kisha subiri kiangazi.

Fundi anataka amaliziwe pesa yake yote kabla sijahamia.

Ana haki ya kulipwa alichofanya. Wewe una haki ya kushikilia kidogo. Kwenye mikataba ya ukandarasi ni kawaida kushikilia asilimia 5 au 10 mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kipite, mara nyingi miezi sita au mwaka mmoja. Nyumba nyingi zetu hazina mkataba wa namna hiyo. Kuna makubaliano ya mdomo na daftari la saidia fundi. Hata hivyo unaweza kukubaliana na fundi mkuu kwamba sehemu ya mwisho italipwa orodha ya kasoro ikishafutwa namba kwa namba, na sehemu ndogo itabaki mpaka masika ya kwanza ipite. Mwandikishane, mashahidi wawepo, tarehe iwepo.

Ila pesa ya kushikilia iwe ya yule aliyebeba dhamana ya kazi. Kumnyima saidia fundi posho yake ya wiki kwa sababu bomba la jikoni linavuja ni uonevu, na majirani wataliona.

Kingine: orodha moja, siku moja. Ukimpigia fundi leo kwa kitasa na kesho kwa swichi, ataacha kupokea simu yako. Mpe orodha nzima na siku ya kurudi kukagua.

Niko Muscat, au London. Ndugu ananiambia nyumba imekamilika.

Usikague nyumba kwa picha zilizopigwa mlangoni. Omba simu ya video ya moja kwa moja, mchana, na wewe ndiye uongoze: fungua bomba hilo, bonyeza kitufe hicho, geuza simu uangalie dari, toka nje unionyeshe chemba. Halafu mlipe mhandisi asiyefahamiana na fundi wala na ndugu yako, akupe ripoti yenye picha. Hakuna anayemwita ndugu yako mwizi. Ni kwamba mtu ambaye si wa fani hawezi kuona ethi isiyofanya kazi, na hata akiiona, si rahisi kumkemea fundi anayekaa naye mtaa mmoja.

Kama nyumba itakaa tupu mpaka likizo yako, funga maji kwenye koki kuu, zima breka zote isipokuwa ya taa za nje, na awepo mtu wa kuja kufungua madirisha na kumwaga maji vyooni mara moja kwa wiki.

Kuna kibali chochote cha serikali cha kuhamia?

Kipo. Mjini, kanuni za uendelezaji zinataka jengo lililojengwa kwa kibali cha ujenzi likaguliwe na halmashauri likikamilika, kisha mwenye jengo apewe kibali cha kulitumia. Ni karatasi tofauti na hati ya kumiliki kiwanja. Wengi huhamia bila kuiomba, lakini benki au mnunuzi wa baadaye anaweza kuiulizia, na ni rahisi kuifuatilia mhandisi wa halmashauri akiwa bado anakumbuka jengo lako. Ukiwa na kibali cha ujenzi na michoro iliyogongwa muhuri, nusu ya safari umeshaimaliza.

Serikali ya mtaa ni jambo jingine. Nenda ujitambulishe kwa mwenyekiti na kwa mjumbe wa shina, uandikishwe, uulizie na namba ya nyumba ya anwani za makazi. Utahitaji barua yao mapema kuliko unavyofikiri, hata kwa shughuli ya benki tu.

Vitasa nibadilishe?

Ndiyo, vyote vya nje, siku ya mwisho baada ya fundi wa mwisho kuondoka. Hesabu watu waliowahi kushika funguo zile: fundi mkuu, mlinzi wa saiti, fundi rangi, muuza aluminiamu. Mlinzi mwenyewe umuage vizuri, umlipe chake na umtolee asante. Ndiye aliyelinda saruji yako miaka miwili, na anajua nyumba ilivyo.

Grili za madirisha zikishafungwa, jiulize kitu kimoja ambacho karibu hakuna anayekiuliza: moto ukiwaka jikoni usiku na mlango wa korido haupitiki, watoto watatokea wapi? Angalau dirisha moja kwa kila upande wa vyumba vya kulala liwe na grili ya kufunguka, yenye kufuli la ndani, na ufunguo uning'inie mahali panapojulikana na mtoto. Mchomeleaji anaweza kuigeuza grili iliyopo. Kwa grili za madirisha zilivyo nyingi mijini kwetu, hili naliweka juu ya kamera za ulinzi. Mtungi wa gesi nao ukae nje ya jiko, sehemu yenye hewa, na bomba lake lipite ukutani.

Usafi wa mwisho ufanywe na nani?

Yeyote, isipokuwa mtu mwenye asidi. Asidi ya kusafishia saruji kwenye marumaru inakula mchanganyiko wa kuzibia nafasi, inachubua bomba za kromu, na mvuke wake unaacha madoa kwenye aluminiamu. Maji, sabuni, kikwanguo cha plastiki na subira vinatosha. Anza juu kushuka: dari, taa, madirisha, ndipo piga deki.

Paa litajulikanaje kama halivuji na hakuna mvua?

Panda na mpira wa maji, mwagia sehemu zenye maungio, hasa bonde la paa ambapo pande mbili zinakutana, na ukutani ambapo bati linagusa tofali. Mtu mwingine aingie juu ya dari na tochi. Huko huko darini aangalie pia kama kuna tundu linaloonyesha mwanga, na kama kuna waya zilizolala bila bomba lake. Vuli na masika zitamaliza kazi iliyobaki. Kwa hiyo usinunue makochi ya kitambaa kabla ya mvua kubwa ya kwanza, kama unaweza kujizuia.

Chini nako, maji ya bati yaende mbali na msingi. Pasipo na mfereji wala zege la kuzunguka nyumba, mvua itachimba ukuta wako na kumpelekea jirani tope. Huo si utambulisho mzuri.

Nahitaji kupiga dawa ya mchwa tena?

Kama ilipigwa chini ya jamvi (sakafu ya msingi) kabla ya zege na mbao za paa zilitiwa dawa, kagua tu fremu za milango na kona za makabati. Kama haikupigwa, sasa kabla ya fanicha ndiyo nafasi ya kutoboa vitundu pembezoni na kuingiza dawa. Mpate mtu wa kazi hiyo.

Nitunze nini baada ya mafundi kuondoka?

Boksi moja au mawili ya kila aina ya marumaru, maana toleo lingine la kiwandani litatofautiana rangi hata kama jina ni lile lile. Namba za rangi za kila ukuta. Risiti na dhamana za pampu, hita na bati. Na kitu chenye thamani kuliko vyote: picha au mchoro wa mabomba na nyaya zinakopita ukutani. Kama hukupiga picha kabla ya plasta, mkalishe fundi bomba na fundi umeme nusu saa wakuchoree, na vipimo kutoka sakafuni na kwenye kona. Siku utakayotaka kutundika luninga utaelewa kwa nini.

Siku ya kuhama niipangeje?

Usihame mwisho wa mwezi, magari ni ghali. Pima geti na upana wa njia kabla ya kukodi gari kubwa. Kirikuu, gari dogo la mizigo, mara mbili mara nyingi ni bora kuliko lori moja litakalokwama kwenye kichochoro. Vitanda na vyandarua vifungwe kwanza, kisha jiko, kisha ukae chini upumzike. Mabaki ya nondo, misumari na vigae uani yaondolewe kabla watoto hawajashuka kwenye gari.

Dua, maulidi au ibada ya kufungua nyumba haina ulazima wa kuwa siku hiyo hiyo. Kukaribisha watu mia kwenye nyumba yenye choo ambacho hakijalala hata usiku mmoja kikitumika ni kujitakia. Jipe wiki tatu.

Tumehamia, na miezi miwili baadaye nyufa zimetokea. Nyumba inaanguka?

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta, au mahali dari inapokutana na ukuta, ni za kukauka. Ziache mwaka upite, zijazwe na kupakwa rangi mara moja. Za kutia wasiwasi ni zile unazoweza kuingiza sarafu, zinazopita kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, zinazoanzia kona za madirisha na kuendelea, au zinazoonekana ndani na nje mahali pale pale. Chora mstari wa kalamu kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe. Ukivuka mistari hiyo, mwite mhandisi kabla hujamwita fundi rangi.